Waliokaa nyuma ya kaunta za laibrari za video, pwani na bara: tupeane uzoefu

Mzee wa Kanda (Dar)
Wakuu, kuna tangazo linazunguka la mtu anayeuza deki na makasha ya VHS (kanda za video za zamani) kwa mkupuo, mali ya laibrari, yaani duka la kukodisha filamu. Nimeona ujuzi huu usipotee hivihivi. Mwageni mnachokijua: kazi ilikwendaje, mteja alihudumiwaje kwenu, nini kiliua biashara.

Naanza na Bara. Zanzibar wana televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi vituo vilianza 1994. Kabla ya hapo wengi walionunua runinga huku waliinunua kwa ajili ya video, kwa hiyo laibrari ndiyo ilikuwa kituo chao. Utaratibu ulikuwa kadi, amana inayokaribia bei ya mkanda, na daftari la namba, saa ya kutoka na ya kurudi. Ukirudi, kabla jina halijakatwa: kifuniko cha mbele kifunguke, utepe uwe umerudishwa mwanzo, kingo zake zisiwe zimekunjamana. Ukingo wa chini ndio unaobeba alama za kuongoza kasi. Ukikunjamana, picha inayumba. Wa juu ukiumia, sauti inazama. Asiyekagua hayo alimwuzia mteja wa kesho ugomvi wa mteja wa jana.

Bi Mkubwa wa Mji Mkongwe (Unguja)
Hayo ya amana yabakie huko huko Dar. Kwetu mkanda ulitoka kwa salamu. Mtoto anatumwa: "Mama kasema ya Kihindi, isiwe ya kupigana." Mwenye duka anajua nyumba gani, anajua mama huyo ipi keshaiona, anampa mbili achague moja. Ramadhani watu wanakuja baada ya tarawehi. Huduma ni kumjua mtu, si kumshikia pesa yake.

Msee wa River Road (Nairobi)
Mama, heshima kwako, lakini hiyo ya kumjua mtu ndiyo ilifungisha maduka. Kanda inakaa wiki tatu kwa jirani na wateja kumi wanaiulizia. Nairobi ulikuwa unaacha kitambulisho, unalipa, unaenda. Enzi za diski ilikuwa hata haraka zaidi: unachagua kwenye orodha, inajaribiwa kwa TV ya kaunta dakika moja mwanzo, moja katikati, moja mwisho, kwa sababu diski mbovu huganda mwishoni. Zile zinasomwa kutoka ndani kwenda nje, na ukingo wa nje ndio huchakaa kwa vidole. Ukitoka na imejaribiwa, hakuna kurudi kulalamika.

Bi Mkubwa wa Mji Mkongwe (Unguja)
Wiki tatu? Nani alikwambia? Mkanda usiporudi kesho yake mtoto wa dukani anabisha hodi mlangoni, na aibu hiyo hakuna aliyeitaka.

Fundi Deki (Tanga)
Ngojeni kwanza. Mnagombania amana, na adui wa laibrari za pwani hamjamtaja: ukungu.

Kulikuwa na laibrari moja hapa, rafu mpaka darini, mikanda imelazwa badala ya kusimamishwa. Masika yakapita. Mkanda mmoja ukarudi kutoka nyumba inayovuja, na ukiutazama kwenye kidirisha unaona unga mweupe juu ya duara la utepe, kama utando. Kijana wa kaunta akautia kwenye deki ya kukagulia. Ule unga ukaenda kwenye ngoma ya hedi (vichwa vinavyosoma utepe), kwenye nguzo, kwenye rola la mpira. Akautoa, akatia unaofuata. Siku nzima. Kila mkanda uliokaguliwa ukaondoka na mbegu yake. Baada ya wiki chache wateja wanaleta deki kwa mafundi, picha chenga tupu, hedi zimeziba, na kila mmoja analaumu duka. Mwenye duka akaanza kulipia matengenezo ya deki za watu, na huku rafu inageuka nyeupe safu kwa safu. Mikanda yake hakuiokoa. Alifunga kabla hata diski hazijashika.

Alichopaswa kufanya: mkanda wenye unga usiingie deki yoyote ya kazi. Kasha la VHS lina skrubu tano. Fungua, acha utepe ukauke kwenye chombo chenye vipakiti vya kunyonya unyevu, kisha upitishe polepole juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi, kwenye deki chakavu iliyotengwa kwa kazi hiyo. Na barakoa puani, ukungu ule si mzuri kwa mapafu.

Mkaazi wa Chuda (Tanga)
Kweli tupu. Masika ya hapa hayana huruma.

Sauti ya Kariakoo (Dar)
Hedi zikiziba, pamba ya masikio na spiriti, dakika mbili unamaliza.

Fundi Deki (Tanga)
Hapana, ndugu yangu! Pamba inanasa kwenye ncha ya hedi, na ncha ile ni ndogo na inakatika. Tumia ngozi laini ya kufutia vioo, ilowe spiriti safi. Ngozi itulie, ngoma ndiyo izungushwe kwa mkono. Usisugue juu-chini hata mara moja.

Sauti ya Kariakoo (Dar)
Mafundi wengi wa Kariakoo walitumia pamba na deki zikaonyesha.

Fundi Deki (Tanga)
Zilionyesha mpaka zilipoacha.

Mswahili wa Minnesota (Marekani)
Huku nako. Blockbuster, kampuni ya kukodisha filamu, ilikuwa na maduka kama 9,000 mwaka 2004. Mwaka 2005 wakatangaza kufuta faini ya kuchelewa, lakini ukizidisha siku saba baada ya muda unahesabiwa umeinunua filamu. Wateja wengi walikasirika. Mwaka 2010 ikaingia kwenye ufilisi, na sasa limebaki duka moja tu, Bend, Oregon. Kwa wanaotumiwa kanda za zamani kutoka huku: mfumo wa picha za TV wa Marekani ni NTSC, wa Afrika Mashariki ni PAL. Kwenye deki ya PAL pekee picha itapanda na kushuka, au itakuwa nyeusi na nyeupe.

Bi Mkubwa wa Mji Mkongwe (Unguja)
Za jamaa zetu wa Muscat na Dubai zilicheza bila tabu.

Mswahili wa Minnesota (Marekani)
Ndiyo, mama, Oman na Dubai nao ni PAL.

Mzee wa Kanda (Dar)
Turudi kwenye kifo cha laibrari. VCD moja, ile diski ya video ya mwanzo, inabeba dakika 74 hivi, ndiyo maana filamu ilikuja diski mbili, na ya pili ndiyo iliyopotea. Bei ya diski ya kunakili ilipokaribia bei ya kukodi, nani arudishe? Baada ya nyaya za intaneti za baharini kufika 2009, ikabaki flashi.

Msee wa River Road (Nairobi)
Hata flashi inataka huduma. Muulize mteja kwanza: unachezea nini? Deki ya zamani yenye tundu la USB inataka faili la aina ya AVI, ukimpa la MKV atarudi. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Ukiibadilisha kuwa mfumo wa NTFS, baadhi ya TV hazitaisoma.

Mama Harusi (Mombasa)
Jamani, nina kanda za harusi za familia. Nifanyeje?

Fundi Deki (Tanga)
Dada, usizicheze kwanza. Tazama kidirishani kama kuna unga. Zikiwa safi, zungusha mbele mpaka mwisho na urudishe, ili utepe ulegee. Kisha zihamishie kwenye kompyuta: unahitaji deki iliyosafishwa, waya wa njano, mweupe na mwekundu, kifaa cha USB cha kunasia picha, na kompyuta. Nasa kwa ukubwa wa picha wa 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Hakuna kuharakisha: kanda iliyoandikwa E-180 ni saa tatu, na kama ilirekodiwa kwa LP, ule mwendo wa polepole, ni sita. Muundo wa faili wa DV unakula GB 13 hivi kwa saa, andaa nafasi. Ukimaliza weka nakala mbili sehemu mbili, na kanda usizitupe.