Nani kawafundisha watoto hawa kugawana?

Mama Muheza:
Wakuu, salaam. Likizo hii wanangu wawili na binamu zao wawili tuko kwa bibi yao, Muheza. Juzi mkubwa wao, miaka 9, kapanda mwembe, majimoto yakamuuma mpaka shingoni, kaangusha madodo saba. Wawili wakawa chini wanayadaka kwa kanga kuukuu. Mdogo, miaka 4, kazi yake ilikuwa kulia.

Kwenye kugawa ndipo palipochangamka. Mpandaji anadai manne: "Nyie mmeumwa?" Wadakaji nao: "Tusingedaka yangepasuka." Mdogo hana hoja ila njaa, na wote wakakubali apate lake. Mdakaji mmoja akapewa kazi ya kugawa. Moja moja kwa kila mtu, mpandaji akaongezwa mawili, hakununa mtu. Likabaki moja. Mgawaji akalivuta kwake, eti "la kazi ya kugawa". Lo! Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mdogo anapiga yowe kuliko wote: "Anayegawa halipwi!"

Mume wangu anasema ni wivu tu. Mbona mpandaji hakuonewa wivu?

Mwalimu wa Zamu:
Dada, shemeji ana nusu ya ukweli. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watoto wa nchi saba, Uganda ikiwemo. Wanakaa wawili, mmoja anaamua: mgao upokelewe au wote wakose. Kote kule, mtoto akipunjwa anakataa, bora wote wakose. Lakini kukataa kwa sababu yeye ndiye kazidishiwa kulionekana Uganda, Marekani na Kanada tu, tena kwa wale wakubwa wakubwa. Wako yupo aliyerudisha?

Babu Mkonge:
"Anayegawa halipwi"! Hiyo ni miiko ya viongozi ya Azimio la Arusha, tamko la ujamaa la Tanzania, 1967. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, wala nyumba ya kupangisha, wala hisa kwenye kampuni. Zanzibar, 1991, chama tawala, CCM, kikalegeza kamba. Mimi nilikuwa karani tu wa shamba la mkonge, sikuwa na cha kupangisha, kwa hiyo miiko niliishika vizuri sana.

Mama Muheza:
Shikamoo babu, nimecheka mpaka basi. Mwalimu, umenishika pabaya, hakurudisha mtu. Na kumbe madodo yalikuwa manane! La nane mpandaji alilificha ndani ya fulana, usiku harufu ikamuumbua. Nikamuuliza mdogo, maana wanalala kitanda kimoja, kama alijua. Akatikisa kichwa, hajui kitu. Midomo ya njano tupu.