Kujiundia kompyuta ya gemu: AM4, AM5 au mashine ya ofisini iliyotumika?

FeniTatu
Salaam wakuu. Nimejikusanya pole pole, sasa nataka kuunda mashine ya gemu kwa mkono wangu. Skrini ninayo, 1080p ya 60Hz. Mfuko unaniruhusu mojawapo kati ya hizi:

A: AM4 (soketi, yaani tundu la prosesa kwenye ubao mama), prosesa Ryzen 5 5600, RAM ya DDR4 GB 16, kadi ya picha RTX 3060 ya GB 12.
B: AM5 (soketi mpya zaidi), Ryzen 5 7600, DDR5 GB 16, ila kadi inashuka hadi RX 6600 ya GB 8.
C: mashine ya ofisini iliyotumika, nichomeke kadi basi.

Mngechukua ipi?

MtotoWaSolda
C ifute. Nilishapita huko. RTX 3060 inakula wati 170, na pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani) za mashine nyingi za ofisini hazina hata waya wa pini 8 wa kuilisha kadi. Ukisema ubadilishe, unakuta plagi ya kwenye ubao mama ni ya kwao peke yao, ya kawaida haiingii. Kasha lenyewe jembamba, kadi haikai.

KokoSita
A, bila kusita. Prosesa zote mbili zina koko 6 (viini vya kufanya kazi) na nyuzi 12 (kazi zinazokwenda kwa pamoja). Ni kweli 7600 ina kasi zaidi, lakini kwa kadi hizo gemu nzito itaichosha kadi kabla ya prosesa. Halafu skrini ya 60Hz inakuonyesha fremu (picha) 60 kwa sekunde, zinazozidi huzioni.

Soketi_Mpya
Mkuu KokoSita, unamshauri leo tu. AM4 ni ya 2016, AM5 imetoka 2022. Akichukua B, kesho anabadilisha prosesa na ubao mama unabaki. Na 7600 ina grafiki yake ya ndani: kadi ikifa, bado unapata picha. 5600 haina.

KokoSita
Hata AM4 ina pa kupandia, prosesa ya 5800X3D inaingia humo humo, ukishasasisha BIOS (programu ya ndani ya ubao mama) kama ubao ni wa zamani. Akifika hapo atacheza miaka.

MamaWati
Mnagombania prosesa, hakuna aliyeuliza pawa saplai! Yangu ya kwanza ilikuja bure na kasha. Kwenye menyu ya gemu shwari kabisa. Mapambano yakianza tu, “tik!”, giza. Nikalaumu kadi, nikalaumu Windows, nikafuta kila kitu na kuanza upya. Nilipoweka pawa saplai ya maana ya wati 550, ugonjwa ukaisha siku hiyo hiyo. Na msidanganyike na kibandiko cha 80 Plus. Kile kinapima umeme usiopotea kwa joto, hakikuhakikishii kwamba vilivyomo ndani ni imara.

JiweLaRAM
Nyongeza ndogo. RAM nunua vipande viwili vya GB 8, usichukue kimoja cha 16. Kwenye ubao wenye nafasi nne, kwa kawaida vinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kuipa RAM kasi yake iliyotangazwa), la sivyo RAM inatembea kwa kasi ya chini. Na waya wa skrini uchomeke kwenye KADI. Mimi jioni nzima nilitazama skrini nyeusi, nimefungua na kufunga kasha mara tatu, kumbe nimechomeka kwenye ubao mama, na prosesa yangu ni hiyo hiyo 5600 isiyo na grafiki.

FeniTatu
Jiwe umenichekesha, ningefanya hivyo hivyo. Naenda na A, na pawa saplai ya MamaWati. Swali moja: nimeona 3060 ya GB 8 pia, bei iko chini. Si kadi ile ile?

MtotoWaSolda
Jina tu. Ile ina njia ya kumbukumbu ya biti 128, ya GB 12 ina 192. Inachelewa hata kwenye gemu isiyojaza GB 8. Iache dukani.