Gumzo la kikundi: Ukoo wa Mikindani

Bamkubwa Hamisi: Asalaam aleikum wanaukoo. Oktoba hiyo inaingia, mwezi wa saratani ya matiti. Fundi wa fulana nimeshaongea naye, za pinki, kifuani SHUJAA WETU. Tumvalie Somoe. Nani anachukua?

Mama Nuru: Mimi mbili, saizi kubwa

Baba Faki: Waweke na picha yake

Shangazi Somoe: Waaleikum salaam. Picha yangu msiweke.

Shangazi Somoe: Na fulana zenyewe sizitaki kaka. Usinune.

Bamkubwa Hamisi: Kulikoni mdogo wangu? Si tunakuenzi

Shangazi Somoe: Najua. Ila tangu nitoke hospitali ya saratani Ocean Road kila anayeingia uani kwangu ananiita shujaa, nikilia anashangaa. Juzi kovu limeniwasha usiku kucha, nikasema basi, imerudi. Ningemwamsha nani? Shujaa si haogopi.

Rehema: Pole shangazi 😔 Hili tumelisoma chuoni. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Tedeschi na Calhoun, mwaka 1996 walitoa dodoso la vipengele 21 kupima namna mtu anavyokua baada ya balaa: ukaribu na watu, imani, nguvu alizokuwa hajijui nazo, njia mpya, kuthamini uhai. Lakini wanasema hofu na majonzi hukaa humohumo, haviondoki kwa sababu umekua. Na si wote hukua, wala si deni.

Baba Faki: Kwa hiyo ugonjwa ni zawadi ya Mungu

Shangazi Somoe: Ungeipokea wewe? Ziwa limekatwa, nywele zimepukutika, kucha nyeusi, chakula kina ladha ya msumari. Hata ming'oko, viazi pori vyetu, ilinishinda!!

Mama Nuru: 😂😂 ya ming'oko ndo ilitutisha wifi

Rehema: Baba, wenyewe wanasema kinachomkuza mtu si balaa, ni kule kupambana nalo

Shangazi Somoe: Haya. Sitawaficha, nimebadilika. Zamani ningeweza kumwambia kaka "sitaki" mbele za watu? Msiba wangu, unyago wangu, harusi jiko langu. Siku hizi nasema nimechoka, naenda kulala, na shughuli inakwisha vilevile. Na yule mama wa Newala tuliyepakana vitanda naongea naye kuliko ninyi wa damu, maana yeye simwelezi kitu. Mabinti wa mtaani nao wananijia kimyakimya, "bibi nimeshika kiuvimbe". Nawasindikiza mwenyewe Hospitali ya Kanda. Mwaka juzi hata neno ziwa nilikuwa naona haya kulitamka.

Bamkubwa Hamisi: Sawa, fulana nazifuta. Sasa wewe unataka nini?

Shangazi Somoe: Korosho zimeanza kudondoka. Upande huu walitoa na matezi ya kwapani, nikibeba kiroba mkono unavimba. Nataka waokotaji Jumamosi. Na safari ya kliniki Dar nataka mtu wa kukaa naye kwenye basi. Sio wa kunitia moyo, wa kupiga soga tu mpaka Mbagala.

Rehema: Basi ni mimi, nitakuwa likizo

Baba Faki: Jumamosi nakuja na vijana wangu wote. Dada, ile ya zawadi nisamehe

Shangazi Somoe: Yameisha. Njooni na viroba.

Mama Nuru: Na chakula cha waokotaji wifi?

Shangazi Somoe: Hujasoma hapo juu? Nitakuwa nimelala.

Mama Nuru: 😂 haya, napika mimi