Msaada wana isimu: aliandika, ataandika, mwandishi, wameandikiana ni leksimu ngapi?

Msaka Maana:
Wakuu, habari zenu. Nakaribia mtihani wa mofolojia na semantiki. Mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana, hazinisumbui: wameandikiana naichanganua wa-me-andik-i-an-a, sita. Leksimu ndizo zinanichanganya. Katika kundi letu wengine wanasema maneno hayo manne ni leksimu moja kwa kuwa mzizi ni mmoja, wengine wanasema nne. Nijibuje?

Kidahizo:
Mkuu, usihesabu mizizi. Mzizi ni mofimu. Leksimu ni kipashio cha msamiati, kile kinachobaki kilekile hata umbo likibadilika kwa nafsi na wakati. Aliandika na ataandika ni maumbo ya leksimu moja, ANDIKA. Mwandishi ni leksimu nyingine: ni nomino, ina ngeli na wingi wake. Angalia pia -andik- ilivyogeuka -andish-. Hizo ni alomofu, yaani maumbo tofauti ya mofimu ileile, za mzizi mmoja; zitaje kwenye jibu lako.

Mama Sarufi:
Naunga mkono. Mwanangu, kazi iko kwenye wameandikiana, na hapo wataalamu hawajakubaliana. Kamusi nyingi huorodhesha andikia, andikiana na andikwa chini ya andika. Mimi napima kwa maana. Andikiana unaielewa kwa kujumlisha viambishi tu: huyu anamwandikia yule, naye yule anamwandikia huyu. Sasa chukua andikisha. Mtu akiandikisha jina lake, amelisajili, hata kama yeye mwenyewe hakushika kalamu. Maana imeshahama, kwa hiyo naihesabu leksimu inayojitegemea. Patana nayo vilevile: mliogombana mkapatana, hakuna aliyempata mwenzake.

Kidahizo:
Hapo kwenye patana umenena, mama. Wasije wakakutega na upande wa pili: kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako ni umbo moja, leksimu tatu. Na kata tamaa ni maneno mawili, leksimu moja.

Msaka Maana:
Shukrani sana. Kwa hiyo niandike mbili?

Mama Sarufi:
Andika mbili, ANDIKA na MWANDISHI, kisha eleza kwa nini wameandikiana umeiweka chini ya ANDIKA. Atakayeitenga akapata tatu naye ana hoja, mradi aseme kwamba anauchukulia mnyambuliko (kuongeza viambishi kama -i- na -an- kwenye kitenzi) kuwa unaunda leksimu mpya. Nne haitetewi kwa njia yoyote, maana li- na ta- ni njeo tu, yaani alama za wakati.