Mrejesho: gari la mkononi, muuzaji ni mtu binafsi

Niliuliza hapa kama kadi ya gari na makubaliano ya mdomo vinatosha kununua gari lililotumika. Asanteni, havitoshi.

Kilicholeta utata ni namba ya chasisi: ya kwenye kadi ilitofautiana herufi moja na iliyogongwa kwenye bodi. Hapo hakuna kulipa hata shilingi mpaka TRA (mamlaka ya mapato Tanzania) wathibitishe, kwa sababu uhamisho wa umiliki utakwama. Jina la kadi nalo lilinganishwe na kitambulisho cha NIDA cha muuzaji. Kama ni la marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi. Faini za trafiki huonekana kwa namba ya gari, zilipwe kabla.

Injini ikaguliwe ikiwa ya baridi, maana muuzaji mjanja huipasha moto mapema. Utando kama maziwa kwenye kifuniko cha oili huweza kuwa dalili ya kuvuja kwa gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku yake); moshi wa bluu, inakula oili.

Kisheria, muuzaji binafsi anabanwa zaidi kwenye umiliki kuliko ubora. Basi kila alichoahidi kiandikwe kwenye mkataba, mbele ya wakili, na malipo yapitie benki.

Gari hili nimeliacha.