Wakuu wa idara wote wanaafiki kikaoni, utekelezaji unakwama. Turekebishe nini?

KatibuVikao: Wakuu, naomba ushauri. Mkurugenzi anawasilisha hoja na msimamo wake, kisha anaomba maoni. Wote wanaafiki, pingamizi zinaibukia kwenye korido utekelezaji ukishaanza. Kuongeza muda wa majadiliano hakujasaidia.

Mtathmini: Muda hautasaidia, kwa sababu bosi akishatamka msimamo, wengine wanatafuta sababu za kumuunga mkono. Geuzeni mpangilio. Siku mbili kabla ya kikao tuma ukurasa mmoja: swali linaloamuliwa, gharama, na njia angalau tatu, mojawapo iwe kuacha mambo yalivyo. Kila mkuu wa idara ajibu kwa maandishi bila kuona majibu ya wenzake: anachagua ipi, ana uhakika kwa asilimia ngapi, na taarifa gani ingembadilisha mawazo. Majibu yasomwe bila majina, mwenye cheo cha chini aanze kuchangia, mkurugenzi amalizie. Mmoja akiandika 90 na mwingine 40 kwa njia ileile, tumieni muda hapo. Huenda mmoja anajua jambo ambalo mwenzake halijui.

Mkaguzi_wa_Ndani: Naunga mkono, ila kagueni pia takwimu zinazoletwa mezani. Usiku wa kuamkia Januari 28, 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi zake za kusukuma, walipinga chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kurushwa kwenye baridi, wakihofia pete za mpira zinazozuia gesi kuvuja kwenye roketi hizo. Mjadala ulizingatia safari ambazo pete zilionyesha kasoro, na humo athari ya baridi haikuonekana wazi. Safari zisizo na kasoro, ambazo hakuna hata moja iliyofanyika kwenye baridi, zingeionyesha. Baya zaidi, wahandisi walitakiwa wathibitishe kuwa kuna hatari, badala ya wanaotaka kurusha kuthibitisha usalama. Chombo kikarushwa, na watu 7 waliokuwemo wakafa. Kwa hiyo ukiletewa orodha ya miradi iliyofeli, dai na iliyofaulu katika mazingira yaleyale.

Mipango: Ongezeni zoezi la mwanasaikolojia Gary Klein kabla ya kusaini. Chukulieni kwamba mwaka umepita na mpango umefeli kabisa. Kila mtu aandike kimya kimya kwa nini. Kisha kila mmoja asome sababu moja moja kwa zamu hadi ziishe. Anayekosoa haonekani mpinzani, ndiyo kazi aliyopewa. Zoezi hili linapoteza maana likifanywa baada ya fedha kutoka, au sababu zikibaki kwenye muhtasari bila mtu wa kuzifuatilia. Msilifanye kwa kila jambo. Uamuzi unaoweza kutenguliwa kwa gharama ndogo mwachieni mkuu wa idara husika.

KatibuVikao: Shukrani. Na kama mkurugenzi hawezi kujizuia kusema kwanza?

Mtathmini: Basi asiwepo sehemu ya kwanza. Rais Kennedy wa Marekani alifanya hivyo kwenye baadhi ya vikao vya mgogoro wa makombora ya Cuba mwaka 1962, washauri wake wabishane kwa uhuru. Akirudi apewe njia mbili zilizobaki, kila moja ikitetewa na anayeiamini. Kuamua kunabaki kwake.