Mitaa ya Berlin kuitwa Lucy Lameck na Maji Maji: ni heshima au ni kibao tu?

Mleta mada: Ndugu zangu, salaam. Kila habari hii ikitajwa, wengi wanaibeza: kibao cha mtaa hakirudishi fuvu la babu lililopelekwa Ujerumani enzi za ukoloni. Mimi napingana nao.

Agosti 2024 Petersallee, barabara moja ya Berlin, iligawanywa majina: Maji-Maji-Allee, na Anna-Mungunda-Allee kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959. Peters aliyekusudiwa mwanzo ni Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye wahenga wetu walimwita Mkono wa Damu. Sasa sikieni hili. Mwaka 1986, lawama zilipozidi, ilitangazwa kwamba barabara hiyo sasa ni ya Hans Peters, mwanasiasa wa Berlin. Jina likabaki lilelile. Kama jina halina uzito, kwa nini lilitafutiwa Peters mwingine ili lisiondoke?

Kule Neukölln, wilaya nyingine ya Berlin, 2021, mtaa wa Wissmann ukawa wa Lucy Lameck, binti wa Moshi, miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika unaibu waziri nchini kwetu. Wissmann ndiye aliyeongoza vita vya Wajerumani Pwani. Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi yao, akanyongwa Pangani, Desemba 1889. Mtoto mweusi aliyeishi mtaa ule alikuwa akiandika jina la Wissmann kila alipoulizwa anakaa wapi. Mimi siwezi kuliita hilo jambo dogo.

Tena weusi wa Berlin hawakufika jana. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, alifundisha Kiswahili jijini humo. Alifia katika Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi, mwaka 1944.

Mchangiaji: Mwanangu, nimekusoma vizuri. Mimi ni mzee wa Old Moshi. Mangi Meli, mtawala wetu Wachagga, alinyongwa na Wajerumani hapa Machi 1900, na kichwa chake tunakitafuta mpaka leo. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin yana ndugu walio hai huku kwetu. Ukoo ukishajulikana, kinachofuata ni mazishi. Kibao ni rahisi, hulipwa na kusahaulika. Na huyo Lucy Lameck, vijana wetu wangapi wanamfahamu?

Mleta mada: Shikamoo mzee wangu. Kwenye mazishi sina ubishi hata kidogo, na la Lucy Lameck limenichoma, maana ni kweli. Ila tusizitenganishe kazi hizi. Mnyaka Sururu Mboro, Mchagga mwenzako anayeishi Berlin, alimwahidi bibi yake kwamba atakitafuta kichwa cha Mangi Meli, na amekidai kwa miongo. Ni yeye huyohuyo aliyepita mitaani na wenzake, Waafrika na Wajerumani weusi, akiwaeleza wapita njia Peters alikuwa nani. Waliosikia habari za kibao ndio waliouliza habari za mafuvu.

Wa Songea na wa Pangani, ninyi mnasemaje?